Mteremko wa Iwambi na Lugha ya Fizikia

Hapa Iyunga, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, kanuni ya pili ya mwendo ya Isaac Newton huonyeshwa mchana na usiku, wala hakuna anayetozwa kiingilio. Malori hupita mbele ya milango yetu yakitoka bandarini Dar es Salaam na shehena za mafuta, mbolea na saruji, yakielekea Tunduma na kuendelea hadi Zambia na Kongo. Mengine hurudi yakiwa na shaba, na mengine hurudi matupu, maturubai yakipigwa na upepo. Mtoto wa hapa, kabla hajajua kusoma, huweza kukuambia kwa kusikia tu mngurumo wa injini kama lori linalopanda limejaa au ni tupu. Na upande wa reli, kwenye stesheni ya TAZARA, huona behewa likisukumwa, likikataa kuondoka, na likishaondoka likikataa kusimama.

Mtoto huyo huyo, akifika kidato cha pili, huketishwa darasani na kuambiwa ajifunze mambo hayo hayo. Lakini huambiwa ayajifunze kwa lugha ambayo bado anajifunza kuiombea maji ya kunywa. Waama, ndugu msomaji, makala hii nimeiandika kwa hasira. Mimi ni mtunga mashairi na mtumishi wa Serikali, si mwanasayansi. Elimu yangu ya fizikia ni ya sekondari tu. Walakini katika mambo ya utamaduni wa taifa nimekaa kwenye mikutano mingi, nami nimechoka kusikia kwamba utamaduni ni ngoma, vinyago na mavazi, na kwamba hesabu za mwendo wa lori ni mali ya watu wengine tuliyoazimishwa kwa hisani.

Nitaeleza jambo lililonichokoza. Jioni moja umeme ulikatika kwa jirani, na kijana wao akaja kwangu kuomba mahali pa kusomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unasoma nini?"

"Fizikia, mzee. Kesho tuna jaribio."

Nikamwomba anisomee kwa sauti. Akafunga daftari, akasimama wima kama yuko mbele ya mkaguzi, akaikariri kanuni ya pili ya Newton kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kujikwaa hata mara moja. Nikampongeza. Kisha nikamwuliza: "Malori mawili yameondoka kwenye mizani kwa wakati mmoja. Injini zao ni sawa. Moja ni tupu, la pili limejaa mbolea. Lipi litashika kasi upesi?"

"Lililo tupu, mzee," alijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa mzigo wake ni mdogo."

"Vema. Na kanuni uliyonisomea sasa hivi, yenyewe inasema nini?"

Akanyamaza. Akalifungua daftari, akalitazama, kisha akaanza kukariri upya tangu mwanzo.

Kijana huyu si mjinga. Kanuni anaijua, tena aliijua kabla Serikali haijamnunulia dawati. Maneno nayo anayo. Lakini ujuzi umefungiwa chumba kimoja na maneno yamefungiwa chumba kingine, na mlango wa kati hakuna aliyemfungulia. Tulikaa mpaka saa nne usiku tukiutafuta mlango huo, na tuliutafuta kwa Kiswahili.

Tulianza na maneno matatu. La kwanza ni kani. Neno hili tunalo tangu zamani, kwa maana ya nguvu na ushupavu wa kutenda. Katika fizikia ni ule msukumo au mvuto ubadilishao mwendo wa kitu. La pili ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu. Limetokana na kutungama: maziwa hutungama, damu hutungama, kitu kilichokuwa kimetawanyika hushikamana kikawa bonge. La tatu ni mchapuko, nalo ni kadiri mwendo unavyobadilika kila sekunde ipitayo. Ni nani asiyejua kuchapua miguu? Hata wapiga ngoma wa pwani wana chapuo, ngoma ndogo ya mapigo ya haraka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, haikukuta jangwa. Ilikuta lugha iliyojaa maneno ya kusukuma, kuvuta, kubeba na kukimbia, ikayatia nidhamu.

Basi kanuni yenyewe ni hii. Mchapuko wa kitu huongezeka kwa kadiri ya kani inayokisukuma, na hupungua kwa kadiri ya tungamo lake; nao huelekea upande ule ule iendako kani. Kani hapa ni ile inayobaki baada ya kani zote zinazopingana kutoana. Kwa ufupi, kani ni sawa na tungamo mara mchapuko.

Na hesabu? Nilimwambia kijana tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba injini na matairi ya lori, baada ya kutoa vipingamizi vyote, yanabakiza kani ya nyutoni 20,000. Nyutoni ni kipimo kilichopewa jina la bwana yule mwenyewe. Lori tupu lina tungamo la tani 16, yaani kilo 16,000. Akagawanya: mchapuko ni mita 1.25 kwa sekunde, kila sekunde. Lililojaa lina tani 50. Akagawanya tena: mita 0.4 tu. Nikamwuliza kila moja litachukua muda gani kufikia mwendo wa kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde. Alipiga hesabu kwa vidole na kalamu: la kwanza sekunde 8, la pili sekunde 25. Akainua uso akacheka. "Ndiyo maana bodaboda hulipita pale kwenye taa!" alisema. Nami, kwa udhaifu wa watu wa kazi yangu, nikamtungia ubeti mmoja pembeni mwa daftari:

Kani yake ikizidi, mwendo nao huchapuka,
Tungamo likishazidi, mchapuko hupunguka,
Lenye shehena kaidi, polepole huondoka,
Sheria haina budi, na lugha imeishika.

Sasa wapo wenzetu wasemao kwamba mifano ya malori ni ya kuchezea watoto, ila fizikia yenyewe ina mambo ya ndani ambayo Kiswahili hakiyafikii. Nawaomba watelemke nami hadi Iwambi.

Ukitoka Iyunga kuelekea Tunduma, barabara huinama pale Iwambi kuishukia Mbalizi. Mteremko huo umekwisha kunywa damu nyingi. Mwezi Juni 2025 lori lililoelezwa kuwa lilikosa breki liligonga magari mengine hapo, na watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza barabara hii ya Mbeya kutuliza. Baada ya kila ajali ya namna hiyo husemwa vijiweni kwamba lori zito hukimbia zaidi mteremkoni kwa sababu mzigo hulisukuma. Husemwa na watu wazima, na baadhi yao wana vyeti vya kidato cha nne vyenye alama nzuri ya fizikia.

Je, ni kweli? Kijana wangu aliuliza swali hilo hilo usiku ule, tena kwa ukali kidogo, kana kwamba nimemficha kitu. "Mzee, kama tungamo kubwa hupunguza mchapuko, mbona lori lililojaa ndilo hatari zaidi kuteremka?"

Hilo ndilo swali la fizikia. Katika mwaka mzima wa kukariri hakupata kuliuliza, kwa sababu mtu hawezi kushindana na sentensi asiyoielewa. Huweza tu kuibeba au kuiangusha. Tulihangaika nalo kwa muda mrefu, na jibu lake ni hili. Mteremkoni, lori huvutwa na uzito wake wenyewe, na uzito ni kani ambayo dunia hukivutia kitu kwake. Tungamo likiongezeka mara tatu, kani hiyo ya kuvuta nayo huongezeka mara tatu. Kani imezidi mara tatu, tungamo la kuchapuliwa nalo limezidi mara tatu. Zikigawanywa, jibu ni lile lile. Barabara ikiinama mita 5 kwa kila mita 100, lori tupu na lililojaa, tukiacha ukinzani wa hewa na wa matairi, yatachapuka sawasawa: karibu mita 0.49 kwa sekunde kila sekunde. Si mchapuko mkubwa. Lakini liache lori hilo bila kuzuiwa kwa dakika moja, nalo litakuwa limevuka kilomita 100 kwa saa.

Hatari imo kwenye breki. Ili lori la tani 16 lishuke mteremko huo kwa mwendo usiobadilika, breki na injini hazina budi kutoa kani ya kuzuia ya nyutoni 7,840 au karibu yake. Kwa lori la tani 50 zinatakiwa nyutoni 24,500. Mwinamo ni ule ule, barabara ni ile ile, dereva ni yule yule, ila kani inayodaiwa ni zaidi ya mara tatu. Tena kazi ya breki hugeuka joto. Na breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza ushikaji, dereva akakanyaga na asipate kitu. Ndiyo maana madereva wazee huwafundisha matingo wao kushuka kwa gia ile ile wanayopandia, ili injini isaidie kuzuia. Na ndiyo maana anayeachia gari litelemke bila gia, ati anaokoa dizeli, amejinyima mzuizi mmoja kati ya wawili alio nao, na kuibebesha breki deni lote.

Sisemi kwamba lori la Iwambi lilianguka kwa sababu dereva alisoma kwa Kiingereza. Huo ungekuwa upuuzi, na marehemu wanastahili heshima zaidi ya hiyo. Ajali ina sababu nyingi: vyuma vibovu, barabara nyembamba, haraka ya matajiri. Ninachosema ni kwamba tunaishi chini ya mteremko huu, watoto wetu huuza ndizi na maparachichi kando yake, na maarifa ya kueleza kinachotokea pale yamo katika vitabu vya shule vilivyo umbali wa mita mia chache. Lakini hayavuki barabara. Yule utingo anayelala chini ya trela naye alipita sekondari. Aliikariri kanuni ile, akaiacha kwenye karatasi ya mtihani kama mtu anayerudisha koti la kuazima.

Mpinzani wangu mmoja, mtu mwenye elimu kunishinda, aliwahi kuniambia kwa kejeli: "Kiswahili chako hakijui hata tofauti ya uzito na tungamo. Sokoni mnasema uzito wa gunia ni kilo mia. Mwanafizikia atacheka." Hoja hii nimeifikiri sana, kwa kuwa si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba kilo ni kipimo cha tungamo na uzito ni kani, na kwamba katika soko la Mwanjelwa hakuna anayejali. Lakini nenda soko la London usikie: nao husema uzito wa viazi ni kilo tano. Lugha ya soko ni lugha ya soko popote duniani, na kazi ya mwalimu ni kuitenga na lugha ya maabara. Mwalimu wa Kiingereza huifanya kazi hiyo kila siku; kwa nini wa Kiswahili ahesabiwe kuwa ameshindwa kabla hajajaribu?

Tena kutenga kwenyewe si kugumu. Mchukue mwanafunzi kwenye mkokoteni uliojaa matofali, juu ya sakafu iliyo sawa kabisa. Hakuna anayeuinua, ardhi ndiyo inayoubeba uzito wote. Hata hivyo kuuondoa ni shida, na ukishaondoka kuusimamisha ni shida ile ile. Ukaidi huo wa kutotaka kubadilisha mwendo ndio kazi ya tungamo. Uzito ungepungua mwezini hadi karibu sehemu moja ya sita, na mtu angeyanyanyua matofali yale kwa urahisi. Lakini kuusukuma mkokoteni hadi ushike kasi kungedai kani ile ile ya kuchapua. Nilimweleza hivyo kijana mara moja, na hakuniuliza tena. Vijana wa magati ya reli wangemweleza vizuri kunishinda mimi, maana wao wameyasukuma mabehewa kwa mabega.

Lakini iko dhana nyingine inayojificha nyuma ya kejeli hizi, nayo ndiyo mzizi wa fitina: kwamba Newton alikuwa Mwingereza, kwa hiyo kanuni ni ya Kiingereza, na anayeichukua kwa lugha nyingine anachukua nakala iliyofifia. Ndugu zangu walimu, tufungue historia. Kitabu ambamo Newton alizitangaza kanuni zake za mwendo kilichapishwa London mwaka 1687, nacho kiliandikwa kwa Kilatini. Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Andrew Motte, ilitoka mwaka 1729, miaka miwili baada ya Newton kufariki. Kwa zaidi ya miaka arobaini, Mwingereza asiyejua Kilatini alisimama mbele ya kanuni ya Mwingereza mwenzake kama anavyosimama leo kijana wa Iyunga. Na ile sura ya kanuni tunayoifundisha, kani sawa na tungamo mara mchapuko, haikuandikwa hivyo na Newton. Yeye alizungumzia badiliko la mwendo kulingana na kani inayotenda. Aliyeiweka katika milinganyo ya namna tuijuayo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi Berlin, na aliiandika kwa Kifaransa katika miaka ya 1750. Kabla yao wote Galileo, aliyepima mchapuko wa mipira ikiviringika kwenye ubao ulioinama, aliandika vitabu vyake vikuu kwa Kiitaliano, lugha ya watu wake, huku wasomi wa zama zake wakiheshimu Kilatini tu. Yeye pia kasumba hiyo aliijua.

Na hayo maneno matukufu ya Kiingereza yametoka wapi? Neno lao la kani walilitwaa kwa Wafaransa. Neno la mchapuko limetoka katika Kilatini, kutoka neno la wepesi. Na neno lao la tungamo, ukilifuata hadi Kilatini na Kiyunani, linaishia kwenye bonge la unga uliokandwa! Wao wamechukua unga, sisi tumechukua maziwa yaliyoganda. Sijui ni kwa sheria gani unga uwe sayansi na maziwa yawe ushamba.

Sina haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Ushahidi upo hapa, umetandazwa juu ya kokoto. Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Wazee wetu wa Iyunga waliwaona wataalamu wa Kichina wakipima miinuko, wakitoboa milima kati ya Mlimba na Makambako, wakikadiria garimoshi la tungamo gani litapanda mwinamo upi kwa kani kiasi gani, na breki ngapi zitalishusha salama. Hesabu hizo zote ni za kanuni hii ya pili. Walizipiga kwa lugha gani? Kwa Kichina. Shuleni walifundishwa kwa Kichina, michoro waliandika kwa Kichina, na neno lao la kani ni silabi moja tu, *li*, ambayo ni hiyo hiyo wanayoitumia kwa nguvu za mtu. Je, reli ilikataa? Je, madaraja yalidai kwanza Kiingereza ndipo yasimame? Garimoshi la kwanza kupanda nyanda hizi halikuuliza.

Sasa nisikie malalamiko ya upande wa pili, kwa kuwa si haki kuwafanya wote kuwa vibaraka. Wazazi wengi wanataka Kiingereza. Nami nina watoto, nawataka wakijue. Mtu asiyejua lugha ya nje hukaa kisimani mwake. Lakini kukijua Kiingereza ni somo moja, na kuijua kani ni somo jingine. Tumeyafunga pamoja kama punda wawili wa urefu tofauti chini ya nira moja, na hakuna anayelima. Mwalimu wa fizikia, ambaye hakuajiriwa kufundisha sarufi, hutumia nusu ya kipindi kueleza maneno na nusu nyingine kuandika ubaoni ili yanakiliwe. Au, kama wafanyavyo walimu wenye huruma, hutazama dirishani kama mkuu wa shule hapiti, kisha hushusha sauti na kueleza kwa Kiswahili. Nawajua wengi. Wao hawavunji sheria kwa ukaidi, wanafundisha. Ni aibu yetu kwamba kufundisha kunafanywa kwa kunong'ona.

Nami nakumbuka zama zangu. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ambayo sitaitaja, kijana aliyesikika akisema Kiswahili darasani alivikwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Mimi nilikaa nacho siku tatu mfululizo kwa sababu ya swali moja la roda. Swali lenyewe silikumbuki tena. Kibao nakikumbuka.

Na miaka hiyo hiyo ndiyo taifa lilipokaribia kufungua mlango. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, mwana wa Njombe, wa nyanda zetu hizi hizi, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikukubaliwa, Kiingereza kikaendelea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikatamka tena kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo fizikia ya sekondari ingali inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kama ilivyo tangu 1967. Hujifunza nyenzo, egemeo na roda, hujieleza, hubisha, huchora. Kisha likizo moja hupita, na anaporudi kidato cha kwanza huwa bubu. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, sisi maofisa hushona sare, hualika vikundi vya ngoma, hutoa hotuba juu ya lugha iliyovuka mipaka ya bara. Mimi mwenyewe nimeghani mashairi katika sherehe hizo, na nimepigiwa makofi. Kesho yake asubuhi nimepita nje ya darasa nikasikia watoto arobaini wakiimba kanuni ya Newton kwa pamoja, kama wale tuliowasikia zamani wakiimba misa ya Kilatini.

Ninachokitaka si kikubwa kama wanavyodhani wanaoogopa. Sisemi vitabu vya Kiingereza vichomwe. Nasema mwalimu aruhusiwe kueleza kani kwa Kiswahili mchana, kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi. Nasema maneno kani, tungamo, mchapuko, ukinzani na msuguano yaandikwe ubaoni kando ya yale ya Kiingereza, ili yasibaki katika kamusi yakiliwa na mchwa. Nasema mtahini akubali sentensi ya mwanafunzi ikiwa fizikia yake ni sahihi, kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Na kwa wanafunzi wa Iyunga na kwingineko wanaosoma kurasa hizi: mkishaikariri kanuni, nendeni kando ya barabara, mhesabu sekunde ambazo lori tupu na lililojaa yanatumia kuondoka kwenye tuta, halafu mbishane kwa Kiswahili mpaka mchoke.

Kijana wa jirani alirudi kwangu wiki moja baadaye na karatasi yake ya jaribio. Swali la tatu liliwataka wakokotoe mchapuko wa magari mawili yenye tungamo tofauti na kani ile ile, kisha waeleze kwa nini majibu yanatofautiana. Hesabu zote mbili alizipata, na kila moja ilikuwa na alama ya vema. Chini yake, kwa mwandiko mdogo uliokazwa, alikuwa ameandika: "Kani ni moja, lakini gari la pili lina tungamo kubwa zaidi, kwa hiyo kila kilo yake inapata sehemu ndogo ya kani ile, na mwendo wake unabadilika polepole."

Sentensi hiyo, ndugu zangu, sijaiona katika kitabu chochote. Ni yake. Juu yake ulipita mstari mwekundu toka mwanzo hadi mwisho, na pembeni sifuri.

"Nilisahau lugha, mzee," aliniambia.